Kufufua gitaa la nyuzi 12 la Kijapani la miaka ya 1970

Magitaa ya nyuzi 12 yaliyotoka viwanda vya Japani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 bado yanapatikana kwa bei ambayo mwanamuziki wa kawaida anaimudu. Yanayokutwa sana sokoni ni Yamaha FG-230, Epiphone FT-160 na yale ya Takamine, pamoja na mengine mengi yenye majina ya maduka ya Marekani na Ulaya yaliyoagiza kazi kutoka Japani. Yakitengenezwa vizuri yana sauti ya kujaa chumba. Yakinunuliwa bila kupimwa, huishia kuning'inizwa ukutani kama pambo.

Kinachoyaua ni mvuto wa nyuzi. Seti ya kawaida ya nyuzi 12, ile ya unene wa 10 hadi 47 (kwa elfu za inchi), ikityuniwa kwenye E, yaani tyuni ya kawaida, huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 100. Gitaa la nyuzi sita lenye seti ya 12 hadi 53 huvuta kilo 75 hivi. Miaka hamsini ya mvuto huo huinua shingo, huvimbisha uso wa gitaa nyuma ya daraja (kile kipande cha mbao kilichogundishwa usoni ambako nyuzi hufungiwa), na hubandua daraja lenyewe. Kwa hiyo kazi yote iliyo hapa chini ni ya kupima athari za mvuto huo, kuzirekebisha, kisha kuupunguza.

Maneno tutakayotumia: kifupa cha shingoni ni kile kipande chenye mifereji 12 kinachopokea nyuzi mwanzo wa shingo; kifupa cha daraja ni kile ambacho nyuzi hukalia upande wa chini. Chuma cha shingo ni fito iliyofichwa ndani ya shingo ili kushindana na mvuto. Funguo ni vile vya kukazia nyuzi kichwani. Freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolala kukata shingo, na huhesabiwa kuanzia kichwani.

Hatua ya 1: Jua unashika nini

Mulika ndani ya tundu la sauti usome lebo. Magitaa ya Yamaha ya enzi hiyo yameandikwa Nippon Gakki, jina la kampuni ya Hamamatsu ambalo lilibadilishwa kuwa Yamaha mwaka 1987. Soma lebo yote, kwa sababu Yamaha ilikuwa na kiwanda Taiwan pia, na wauzaji wengi huita kila FG ya zamani "ya Japani". FT-160 ilitoka kiwanda cha Matsumoku, mjini Matsumoto, ingawa lebo yake ya buluu inataja Kalamazoo, Michigan. Takamine na K. Yairi ni za mkoa wa Gifu.

Kisha tazama ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya mbao ya juu ikishuka moja kwa moja hadi chini, uso ni wa mbao moja. Ukiona tabaka, ni plaiwudi. Msiikimbie plaiwudi kwenye gitaa la nyuzi 12: sauti yake huchelewa kufunguka, lakini haipasuki ovyo, na ndiyo sababu mojawapo ya FG-230 nyingi kuwa bado zinapigika.

Tofauti iliyo muhimu kuliko zote ni namna shingo ilivyofungwa. Yamaha waligundisha shingo, na kuitoa ni kazi ya fundi aliyebobea. FT-160 shingo yake imefungwa kwa skrubu nne zinazopita kwenye bamba la chuma nyuma ya kisigino cha shingo, na hilo hubadilisha hesabu yote, kama tutakavyoona.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kulipa

Chukua rula ndogo ya chuma yenye alama za nusu milimita, rula ndefu ya chuma ya sentimita 60, tochi, kioo kidogo na kipande cha karatasi. Gitaa liwe limetyuniwa. Gitaa lililolegezwa nyuzi halisemi ukweli, na muuzaji anayekataa kulikaza ana sababu.

Kwanza pima kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi tumbo la uzi. Kizuri ni mm 2.0 hadi 2.5 kwenye E nene, na mm 1.5 hadi 2.0 kwenye E nyembamba. Mm 3 hadi 3.5 kinarekebishika mara nyingi. Kikizidi mm 4, shingo imeinuka au uso umevimba, au vyote viwili.

Pili, pima kifupa cha daraja kimebaki kiasi gani juu ya mbao. Hapa ndipo wengi huingia hasara, kwa hiyo tufanye hesabu. Ukitaka kushusha nyuzi kwenye freti ya 12 kwa kiasi fulani, lazima upunguze mara mbili yake kwenye kifupa cha daraja, kwa sababu freti ya 12 iko katikati ya urefu wa uzi. Tuseme kimo ni mm 3.5 na unataka 2.3. Tofauti ni mm 1.2, kwa hiyo kifupa kikatwe mm 2.4. Kama kifupa kimechomoza mm 2.5 tu, kitabaki mm 0.1, nyuzi zitalala juu ya mbao na sauti itakufa. Gitaa hilo halihitaji msasa, linahitaji pembe mpya ya shingo, na bei yake ishuke kulingana na kazi hiyo.

Tatu, laza rula ndefu juu ya freti, katikati ya shingo, uisukume hadi ifike darajani. Ncha ikipita sawasawa na mgongo wa daraja au juu yake kidogo, pembe ni nzuri. Ikigonga ubavu wa daraja mm 2 au zaidi chini ya mgongo, shingo imesalimu amri.

Nne, jaribu kupenyeza karatasi chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Ikiingia, gundi imeachia. Tazama pia uso nyuma ya daraja kwa kuweka rula kwa upana: uvimbe mdogo ni wa kawaida kwa gitaa la nyuzi 12, na lisilo nao kabisa mara nyingi halina sauti. Uvimbe unaoambatana na bonde mbele ya daraja, karibu na tundu, ndio wa kuogopa, maana mbavu za ndani, yaani fito za mbao zinazoimarisha uso, zimeachia.

Mwisho, gonga uso na mgongo kwa kifundo cha kidole, kidogo kidogo, kila mahali. Ubavu ulioachia hutoa mlio wa kutetemeka. Uhakikishe kwa kioo na tochi. Zungusha funguo zote 12; moja isiyoshika ni usumbufu wa kila siku, na kwenye magitaa haya funguo mara nyingi huwa sita kwenye bamba moja, kwa hiyo mbadala wake ni bamba zima lenye nafasi zilezile za matundu.

Ukinunua kwa mbali, omba picha nne: rula ikiwa imesimama kwenye freti ya 12, kifupa cha daraja kutoka ubavuni, daraja kutoka nyuma, na lebo. Mwambie muuzaji alegeze nyuzi sauti mbili tatu kabla ya kusafirisha na ajaze karatasi chini ya kichwa, kwani kichwa cha nyuzi 12 ni kizito na boksi likidondoka huvunjikia hapo. Kuhusu kuvuka mipaka: mbao za rozwudi za jamii ya Dalbergia ziliwekwa chini ya udhibiti wa CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) Januari 2017, kisha ala za muziki zilizokamilika zikaruhusiwa tangu Novemba 2019. Rozwudi ya Brazili haimo katika ruhusa hiyo. Iko kwenye orodha kali zaidi tangu 1992. Katika matangazo ya Japani huitwa hakaranda, kwa hiyo ukiona neno hilo uliza kwanza.

Hatua ya 3: Daraja lililobanduka

Kama daraja limekaa imara, ruka hatua hii.

Legeza nyuzi zote polepole, ukizunguka kutoka upande hadi upande, kisha zitoe pamoja na pini zinazozishika darajani. Kabla ya kugusa kitu kingine, tazama vitone viwili vyeupe juu ya daraja. Kwenye Yamaha nyingi na ndugu zake, vitone hivyo vimefunika bolti zinazoshika daraja kutoka ndani. Vichomoe kwa ncha ya sindano nene, fungua bolti na nati zake kupitia tundu la sauti. Anayeinua daraja bila kuzitoa hung'oa uso wa gitaa pamoja na daraja.

Pasha skrepa nyembamba isiyo na makali kwenye maji yanayochemka, ifute, uipenyeze chini ya ukingo wa nyuma, uiendeshe taratibu kufuata mistari ya mbao. Rudia kupasha kila inapopoa. Usikimbilie. Daraja likishatoka, kwangua gundi ya zamani pande zote mbili hadi uone mbao tupu, bila kula mbao yenyewe. Ukikuta rangi ya uso imeingia chini ya daraja, iondoe, lakini baki milimita moja ndani ya alama ya ukingo ili kovu lisionekane.

Jaribisha daraja bila gundi. Kama uso umevimba kidogo, sugua tumbo la daraja juu ya msasa uliolazwa kwenye uso huohuo hadi likae bila mwanya. Kisha paka gundi ya njano ya mbao, safu nyembamba pande zote mbili. Msitumie gundi nyeupe ya kawaida ya kiseremala: huonekana imeshika, lakini chini ya mvuto na joto huteleza polepole. Supaglu na epoksi ni dhambi kwa fundi atakayekuja baada yako.

Kaza kwa klampu tatu za mkono mrefu kupitia tundu la sauti, ndani ukiwa umeweka kipande cha mbao kilichokatwa kukwepa mbavu. Gundi itakayochuruzika ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Acha saa 24 na klampu, kisha siku mbili nyingine bila nyuzi.

Ukiwa bado una kioo mkononi, kagua kibao cha ndani chini ya daraja. Matundu yakiwa yameliwa, vichwa vya nyuzi vitapanda juu ya mbao na kuendelea kuila. Kibao kipya chembamba cha mbao ngumu, unene wa mm 2, kikigundishwa juu ya kile cha zamani na kutobolewa upya, humaliza tatizo kwa miaka mingi.

Hatua ya 4: Pembe ya shingo

Kwa FT-160 na nyingine za skrubu, kazi hii inafanyika nyumbani. Fungua skrubu nne, toa shingo, weka kabari ndani ya mfuko ambamo shingo hukaa, upande ulio karibu na tundu la sauti. Kabari iwe ya mbao ngumu iliyochongwa kutoka sifuri hadi unene unaotakiwa, ijaze mfuko wote. Vipande vya karatasi vilivyokunjwa huacha uwazi na sauti hupotelea hapo. Kwenye mfuko wa urefu wa mm 75, kabari yenye unene wa mm 0.5 mwishoni huinua mstari wa freti karibu mm 1.9 pale darajani, yaani nyuzi hushuka karibu mm 1 kwenye freti ya 12. Anza na hiyo, pima, ndipo uongeze.

Shingo iliyogundishwa ni habari nyingine. Kuitoa kwa mvuke ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Wengine hukata mbao ya daraja ili kushusha nyuzi. Hatupendekezi: daraja jembamba hukosa nguvu ya kushindana na nyuzi 12, na uvimbe huongezeka. Kama huwezi kumpata fundi, shusha tyuni, tumia nyuzi nyembamba, na upige kwenye freti tano za mwanzo. Gitaa la namna hiyo bado linafaa kusindikiza uimbaji.

Hatua ya 5: Chuma cha shingo

Fungua kifuniko kidogo kichwani, au tafuta tundu la alenki ndani ya tundu la sauti. Baadhi ya magitaa ya zamani yana fito isiyorekebishika, na hapo hakuna la kufanya.

Gitaa likiwa limetyuniwa, weka kapo (kibano kinachobonyeza nyuzi zote pamoja) kwenye freti ya 1, bonyeza E nene kwenye freti ya 14, utazame mwanya kati ya uzi na freti ya 7. Tafuta mm 0.15 hadi 0.25, fila geji ya mafundi magari inapima vizuri. Mwanya ukizidi, kaza robo mzunguko kuelekea upande wa saa, tyuni upya, subiri saa kadhaa, pima tena. Nati ikigoma, ilegeze, itie tone la mafuta, ujaribu tena siku ya pili. Ikiwa imefika mwisho, acha. Chuma kikikatika ndani, gharama yake hupita bei ya gitaa.

Kosa la kila mara ni kutumia chuma cha shingo kushusha nyuzi. Kazi yake ni kunyoosha upinde wa shingo tu. Kimo hurekebishwa kwenye vifupa viwili.

Hatua ya 6: Vifupa

Anza na cha shingoni. Bonyeza uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, uangalie mwanya juu ya freti ya 1: upite unene wa karatasi moja tu. Kwenye nyuzi 12 hatua hii inaleta nafuu kubwa kuliko nyingine yoyote, kwa sababu kila kidole kinabonyeza nyuzi mbili, na mifereji iliyo juu hupindisha sauti za chords zote za mwanzo. Tupa za kazi hii ni ghali. Sindano za kusafishia mdomo wa tochi ya gesi, zile za mafundi kuchomelea, zina unene unaokaribiana na nyuzi na hukata mfupa vizuri. Kata ukiinamisha kuelekea kichwani, ili uzi ukae kwenye ukingo wa mbele wa mfereji. Ukizama kupita kiasi, uzi utalia kwenye freti ya 1 na itabidi utengeneze kifupa kipya.

Kifupa cha daraja hupunguzwa chini, si juu. Chora mstari kwa penseli kulingana na hesabu ya hatua ya 2, sugua kwenye msasa wa namba 120 uliobandikwa juu ya kioo, malizia na 240. Tumbo lake liwe bapa kabisa. Magitaa mengi ya Kijapani ya wakati huo yalikuja na kifupa cha kupandisha na kushusha kwa skrubu mbili. Kinarahisisha marekebisho lakini kinakula sauti, maana kifupa kinasimama juu ya skrubu badala ya mbao. Kujaza mfuko huo kwa kipande cha mbao ngumu na kukalisha kifupa cha kawaida hubadilisha gitaa mara moja.

Mfupa wa muundi wa ng'ombe kutoka buchani unafaa kabisa. Uchemshe, ukwangue mafuta na uboho, uloweke kwenye maji ya sabuni siku kadhaa, ukaushe kivulini wiki chache, ndipo ukate. Vaa barakoa, vumbi la mfupa ni baya kwa mapafu.

Hatua ya 7: Nyuzi na tyuni

Seti ya 10 hadi 47 imepangwa kwa jozi sita, hivi: E nyembamba 10 na 10, B 14 na 14, G 23 na 8, D 30 na 12, A 39 na 18, E nene 47 na 27. Jozi mbili za kwanza hulia sawa. Jozi nne zilizobaki, uzi mwembamba huwa oktava moja juu ya mwenzake, na hukaa upande wa uso wa mpigaji, ili dole gumba liukute kwanza. Wapiga gitaa wa Kongo wanaijua ladha hiyo kwa njia ya mi-composé, ambapo uzi wa D wa gitaa la nyuzi sita hubadilishwa na uzi mwembamba unaolia oktava moja juu.

Kwa gitaa lenye umri huu, tunashauri bila kusita: tyuni D, yaani D G C F A D, na weka kapo freti ya 2 unapotaka kupiga na wenzako kwenye E. Kushuka sauti moja nzima hupunguza mvuto kwa karibu asilimia 20. Hakuna dawa nyingine ya bure yenye nguvu kama hiyo.

Funga kwanza nyuzi sita kuu, zityuni karibu karibu, kisha ongeza sita nyembamba. Zungusha uzi mnene mara mbili au tatu kwenye nguzo ya ufunguo, mwembamba mara nne au tano. Paka risasi ya penseli kwenye mifereji. Tyuni nyuzi kuu zote, kisha kila mwembamba kwa kumsikiliza mwenzake, ukinyamazisha nyingine kwa kidole. Rudia mzunguko wote mara mbili, kwani kila jozi unayoikaza hulegeza nyingine.

Uzi utakaokatika sana ni G mwembamba, ule wa 8. Wengi hukimbilia kununua wa 9 wakidhani unene utausaidia. Hausaidii. Kwa urefu uleule na sauti ileile, uzi mnene unahitaji mvuto mkubwa kwa kiwango kilekile lilichoongezeka eneo la mkato wake, kwa hiyo chuma kinabaki karibu na kikomo chake kama mwanzo. Kinachosaidia ni kushusha tyuni. Tazama pia umekatikia wapi: kwenye kifupa cha shingoni, mfereji una ukingo mkali, kwenye ufunguo, tundu la nguzo lina chuma kilichochongoka, darajani, kifupa kina makali au pini haijakaa.

Nyuzi nyembamba zikilia chini kidogo kwenye freti ya 12 ilhali nene ziko sawa, hilo ni la kawaida kwa sababu kifupa kimoja kinahudumia jozi. Chonga mgongo wa kifupa ili nyuzi nyembamba zikalie mbele kidogo, milimita moja hivi kuelekea kwenye tundu la sauti, na zile nene uziache zilipo.

Hatua ya 8: Wiki za mwanzo

Gitaa lilitoka mahali penye hewa tofauti. Likifika Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, mbao hunywa unyevu, uso huinuka, na nyuzi hupanda. Chumvi ya hewa nayo hula nyuzi za chuma haraka, kwa hiyo zifute kila baada ya kupiga. Likifika Dodoma au Nairobi wakati wa kiangazi, hukauka na ncha za freti huanza kukwaruza kiganja. Unyevu wa asilimia 45 hadi 55 ndio unaolifaa. Lihifadhi ndani ya kasha gumu, mbali na ukuta unaopigwa jua, na kamwe usiliache kwenye gari: joto la mchana hulainisha gundi ya daraja uliyoisubiri siku tatu.

Andika kimo cha freti ya 12 siku ya kwanza, kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kasha. Pima tena baada ya wiki mbili, na tena baada ya mwezi. Kupanda kwa mm 0.2 au 0.3 ni gitaa kutulia. Kukifika mm 0.5, legeza nyuzi siku hiyohiyo na urudi na kipande cha karatasi nyuma ya daraja.